Swichi ya mtumba: mnunuzi akague mifuko kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA anayefungua belo la nguo Kiboriloni hahitaji kufundishwa kukagua mali. Hushika koti, akatazama kola, akavuta zipu, akageuza bitana, kisha akaingiza mkono mfukoni. Anafahamu kwamba koti hilo lilikuwa na mwenyewe kabla ya kufika Moshi, na kwamba mwenyewe huyo pengine alisahau kitu ndani yake: risiti, ufunguo, hata noti.

Kinachoshangaza ni kwamba mtu huyo huyo, siku anapokwenda kununua swichi ya mtandao iliyokwisha tumika kwa ajili ya duka lake, huuliza maswali mawili tu: inawaka, na bei yake ni kiasi gani. Akijibiwa kwamba inawaka na bei ni nafuu, hutoa fedha. Mfukoni haangalii. Hapo ndipo mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi wa mitumba anapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Swichi ya mtumba si mali mbaya. Kwa mfanyabiashara wa kati inaweza kuwa ununuzi wa busara kuliko swichi mpya ya bei poa. Lakini thamani ya kifaa hiki haiko kwenye bati na taa zake. Iko kwenye mipangilio iliyoandikwa ndani yake. Na mipangilio ambayo mwenye duka haijui ni mipangilio ya mtu mwingine, hata kama risiti ya ununuzi ina jina lake.

Kazi ya kifaa hiki

Etheneti, yaani utaratibu wa kuunganisha kompyuta kwa kebo ndani ya jengo, ilibuniwa na Robert Metcalfe mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, na kiwango chake cha kimataifa kilipitishwa mwaka 1983. Kwa miaka mingi vifaa vilivyounganisha kompyuta vilifanya kazi kama mpiga mbiu: ujumbe ukiingia tundu moja, unapigiwa mbiu matundu yote, na kila kompyuta inasikia hata yasiyoihusu.

Swichi ilibadili hali hiyo. Kampuni ya Kalpana ya Marekani ilitoa swichi ya kwanza ya biashara mwaka 1990, nayo ikanunuliwa na Cisco mwaka 1994. Swichi hujifunza. Kila kifaa kina anwani yake ya kiwandani. Swichi husoma anwani hizo, ikakumbuka kila moja iko tundu lipi, na ujumbe wa keshia unapelekwa kwa keshia tu. Ni sawa na dalali wa soko anayejua kila mwenye meza na bidhaa yake, hivyo mteja wa viatu hazungushwi kwenye mapazia.

Swichi ziko za aina mbili. Ya kwanza haina mipangilio: unachomeka kebo, inafanya kazi, basi. Ya pili husimamiwa: ina neno la siri, ina amri, inaweza kugawa mtandao, kufunga matundu, kuandika daftari la matukio. Ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba hununua za aina ya pili, na zinapozibadilisha, za zamani huingia katika biashara ya mitumba. Ndizo zinazokutwa madukani leo kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita isingefikirika.

Nani anaihitaji

Si kila mtu. Mama mwenye meza ya mashati, simu moja ya kupokelea fedha na mashine moja ya EFD inayotumia laini ya simu, hana haja ya swichi yoyote. Anayemshauri anunue anatafuta fedha yake. Duka la Mangi lenye kompyuta moja na printa moja litatosheka na swichi ndogo isiyo na mipangilio.

Hali hubadilika pale biashara inapokua. Chukua mfano wa muuzaji wa jumla mwenye ghala na duka kando ya barabara ya Himo. Ana kompyuta mbili za mauzo, moja ya hesabu, kamera nane za ulinzi, na waifai ambayo wateja wa kutoka Rombo na Taveta huomba neno lake la siri wakisubiri mzigo ufungwe. Vyote vimechomekwa kwenye kisanduku kimoja. Maana yake ni kwamba kijana yeyote aliyekaa kwenye benchi na simu yake yuko katika chumba kimoja na daftari la wadeni, bei za manunuzi na picha za kamera. Hajaingia kwa kuvunja mlango. Amekaribishwa.

Kwa mfanyabiashara wa namna hii, swichi inayosimamiwa si anasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Picha za kamera na namba za simu za wateja ni taarifa za watu.

Mifuko mitatu

Mfuko wa kwanza ni mipangilio ya mwenyewe wa zamani. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza kwamba ilinunua ruta 18 za kibiashara zilizokwisha tumika, na kwamba katika zaidi ya nusu ya zile ilizoweza kuzichunguza ilikuta taarifa za ndani za makampuni yaliyozitumia awali. Ruta na swichi ni ndugu: zote mbili hubeba mipangilio, na zote huuzwa na watu ambao hawakukumbuka kuifuta. Hasara ya kwanza ni ya aliyeuza. Ya pili ni ya aliyenunua, kwani kama maneno ya siri ya zamani bado yamo, yupo mtu mahali fulani anayeyajua.

Mafundi wengi hufuta mipangilio mikuu wakadhani wamemaliza. Katika swichi nyingi za Cisco aina ya Catalyst, orodha ya vyumba vya mtandao, ambavyo mafundi huviita VLAN, huhifadhiwa katika faili la pembeni. Ukifuta mipangilio mikuu peke yake, faili hilo hubaki. Ndio mfuko wa ndani wa koti, ule ulioshonwa nyuma ya bitana. Fundi aulizwe waziwazi: umefuta yote mawili?

Mfuko wa pili ni programu ya ndani ya kifaa. Swichi ni kompyuta, na programu yake huzeeka. Aprili 2018 wahalifu walitumia kasoro katika huduma ya Cisco iitwayo Smart Install, iliyowekwa kurahisisha kazi ya kuanzisha swichi mpya. Serikali ya Iran ilisema kwamba swichi zaidi ya 200,000 ziliathirika duniani, kati ya hizo 3,500 zikiwa nchini humo. Mipangilio ilifutwa na badala yake ikaachwa picha ya bendera ya Marekani. Cisco ilikuwa imekwisha toa marekebisho kabla ya shambulio hilo. Walioumia ni wale ambao hawakuyaweka, na ambao waliacha wazi huduma wasiyoitumia, tena ikionekana hadi nje kwenye intaneti.

Hivyo mnunuzi aulize toleo la programu na kama mtengenezaji bado anaitolea marekebisho. Swichi ambayo mtengenezaji amekwisha acha kuihudumia inaweza kutumika ndani ya duka, mradi ukurasa wake wa usimamizi usifikike kutoka intaneti wala kutoka waifai ya wageni. Lakini bei yake iwe ya mtumba wa daraja la tatu, si la kwanza.

Mfuko wa tatu ni LUKU. Swichi kubwa za ofisi zilijengwa kwa ajili ya vyumba vyenye viyoyozi. Zina feni, zina kelele, na zinakula umeme usiku na mchana. Swichi inayotumia wati 100 bila kuzimwa humaliza uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Ndogo ya wati 10 humaliza uniti 7.2. Mnunuzi azidishe tofauti hiyo kwa bei ya uniti anayolipa, kisha kwa miezi 12, ndipo aseme ipi ni rahisi. Mara nyingi swichi ya matundu 48 iliyouzwa kwa bei ya kutupa ni ghali kuliko ya matundu 8 iliyoonekana ya kuringa.

Mipangilio isiyokwepeka

Baada ya kufuta, kazi ya kupanga huanza. Si ndefu, na fundi anayejua kazi huimaliza kwa nusu siku. Mwenye duka hahitaji kujua amri zake, ila ajue majina ya mambo matano ili aweze kuyadai.

La kwanza ni neno la siri jipya, refu, lisilo la kiwandani, na usimamizi ufanyike kwa njia iliyofungwa kwa siri, si kwa ile ya zamani inayopeleka maneno wazi kwenye waya.

La pili ni kugawa vyumba: mauzo na hesabu chumba kimoja, kamera chumba cha pili, wageni cha tatu, na usimamizi wa vifaa cha nne. Kugawa huku kulipata kiwango chake cha kimataifa mwaka 1998, hivyo swichi za kampuni mbalimbali huelewana. Hata hivyo, vyumba peke yake havitoshi. Ruta inayoviunganisha ipewe amri ya kuwazuia wageni wasivuke kwenda chumba cha hesabu. La sivyo ni kujenga kuta nne na kuacha milango wazi.

La tatu ni kinga ya mzunguko. Kijana wa duka akiona kebo inaning'inia, huichomeka. Ikiwa ncha zote mbili zimeingia swichi hiyo hiyo, ujumbe wa kutangazia wote huzunguka bila kikomo, kwa kuwa etheneti haina hesabu ya kusema ujumbe huu umezeeka, uachwe. Kwa dakika chache duka zima husimama, na kwa nje kila kitu kinaonekana kizima. Taa zinawaka kwa bidii kuliko siku zote. Dawa yake iligunduliwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, nayo imo katika karibu kila swichi inayosimamiwa. Katika baadhi yake huwa imezimwa. Iwashwe. Pamoja na hayo, matundu yasiyotumika yafungwe.

La nne ni nguvu ya kamera. Swichi nyingi hupeleka umeme kwa kamera kupitia kebo ile ile ya data. Kiwango cha mwaka 2003 kinaruhusu hadi wati 15.4 kwa tundu. Lakini swichi ina bajeti yake ya jumla. Yenye matundu 8 na bajeti ya wati 60 haiwezi kutoa wati 15.4 kila tundu, kwani hiyo ingekuwa wati 123.2, kwa kiwango cha juu inamudu matundu 3 tu. Kamera nyingi hutumia chini ya hapo, ila zile zenye taa za usiku hupandisha matumizi giza likiingia. Ndiyo sababu kamera ya ghalani huonekana nzima mchana, ikazimika saa mwizi anapotoka.

La tano ni kuhifadhi, na hili ndilo linalowaumiza wengi kimya kimya. Katika swichi nyingi, amri anazotoa fundi hufanya kazi papo hapo lakini hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Asipotoa amri ya kuhifadhi, kila kitu kitakwenda vizuri hadi siku umeme ukikatika. Ukirudi, swichi huamka ikiwa imesahau. Fundi amekwisha lipwa, na mwenye duka anailaumu TANESCO. Kipimo ni rahisi: kabla ya kulipa, swichi izimwe na kuwashwa mbele ya mwenye mali, kisha mauzo, kamera na waifai vijaribiwe upya.

Kwa wenye ghala mbali na duka, kebo ya kawaida ya shaba ina kikomo cha mita 100. Zaidi ya hapo, au inapopita nje kutoka jengo hadi jengo, nyuzi za kioo ni salama zaidi, kwani shaba hubeba pia nguvu ya radi hadi ndani ya swichi. Katika miteremko ya Kilimanjaro wakati wa masika hilo si jambo la kufikirika tu.

Hesabu ya mwekezaji

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni gharama, na biashara ni ngumu. Hoja hiyo ina uzito, na ijibiwe kwa hesabu. Tuseme duka linauza shilingi 3,000,000 kwa siku ya saa 10, yaani 300,000 kwa saa. Mtandao ukilala, si wateja wote watakaoondoka, tuseme theluthi. Mauzo yanayopotea ni 100,000 kwa saa. Faida ikiwa asilimia 15, hasara halisi ni 15,000 kwa saa. Duka likikaa siku mbili likimsubiri fundi, hasara ni shilingi 300,000, mbali na mteja wa jumla aliyehamia kwa jirani na asirudi. Kila mmoja aweke tarakimu zake. Anayeona hasara yake kwa mwaka ni ndogo kuliko malipo ya fundi, abaki na kisanduku chake kidogo bila kuona haya. Anayeona ni kubwa, asimlaumu mtu.

Ufunguo ni wa nani

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haimo ndani ya swichi. Imo katika mazoea ya kumwachia fundi neno la siri kichwani mwake. Fundi ni kijana mzuri, anaaminika, alisoma na mtoto wa shangazi. Mwaka unaofuata amepata kazi Dar es Salaam na namba yake haipatikani. Kamera mpya haiwezi kuongezwa. Njia ya kuvunja neno la siri kwa kubonyeza kitufe cha kifaa ipo katika swichi nyingi, lakini asiyekuwa na nakala ya mipangilio huenda akaanza upya kama vile amenunua jana.

Historia ya kanda hii ina funzo juu ya nani anashika ufunguo. Novemba 2000 watoa huduma za intaneti wa Nairobi walifungua kituo cha KIXP, ambacho moyo wake ulikuwa swichi za etheneti za kubadilishana mawasiliano humo humo nchini badala ya kuyapeleka ng'ambo na kuyarudisha. Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya ukiritimba imevunjwa, na mwezi uliofuata msimamizi wa mawasiliano akakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Katika muda wote huo tatizo halikuwa kwenye vifaa. Lilikuwa ni nani ana haki ya kuvisimamia. Suala hilo lilipotatuliwa, faida ilionekana: utafiti uliotolewa mwaka 2012 na Internet Society ulikadiria kwamba kituo hicho kilikuwa kinawaokolea watoa huduma karibu dola 1,500,000 kwa mwaka.

Duka la Kiboriloni ni dogo, ila kanuni ni ile ile. Swichi bila usimamizi unaoeleweka ni bati. Mkataba na fundi, hata wa karatasi moja, useme kwamba siku ya malipo atakabidhi vitu vinne: neno la siri katika bahasha iliyofungwa, nakala ya mipangilio katika diski ndogo ya mfukoni, mchoro wa matundu unaoonyesha lipi linakwenda wapi, na toleo la programu lililowekwa. Bahasha ikae sefuni pamoja na leseni ya biashara. Fundi akiondoka, neno libadilishwe siku hiyo hiyo. Fundi atakayekataa masharti haya amekwisha sema yeye ni mshirika wa biashara hiyo, ila hajachangia mtaji.

Wafanyabiashara wa mitumba wa Moshi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa ujuzi mmoja: kutambua thamani ndani ya kitu ambacho mwingine amekwisha kitupa. Ujuzi huo haujapitwa na wakati. Unahitaji tu kuhamishwa kutoka kwenye koti hadi kwenye swichi. Igeuzwe, isomwe, mifuko yake yote ikung'utwe, na yule wa ndani pia. Ndipo mkono uende mfukoni kutoa fedha.